Namna Nilivyojifunza Kuchelewa

Niliingia Lubumbashi juu ya magunia ya samaki wakavu, na mji haukunisamehe harufu ile kwa muda mrefu. Lori letu lilitoka Pweto, ziwani kwetu, katikati ya mvua. Nilikuwa na diploma ya sekondari iliyofungwa ndani ya plastiki, shati moja la heshima, na kazi moja tu niliyopewa na shangazi yangu: kulinda magunia yake mpaka sokoni, kisha nirudi nyumbani. Wadogo zangu, ninyi mnaonipigia simu kutoka Naviundu kuniuliza kundi la Bachelewa lilianzaje, anzeni kwa kujua hili: mpiga ngoma wake alikuwa ametumwa samaki.

Dereva wetu alikuwa na ugonjwa mmoja. Alisinzia. Hakuwa mlevi, maskini. Usingizi tu ulimpenda kuliko mke wake. Kabla hatujafika Kilwa, ile ya kwetu Katanga, alinishusha kutoka juu ya magunia, akaniweka pembeni yake mbele, akanipa bidoni tupu ya mafuta.

"Weye mutoto ya diplôme," akaniambia, "piga iyi bidon. Nikilala tunakufa bote, na samaki ya shangazi yako inarudia mu maji."

Nikapiga. Nikipiga polepole, kichwa chake kilishuka kuelekea usukani. Nikipiga haraka, kilipanda. Basi nikapiga haraka. Siku zote zile za matope, za kusukuma lori na kulala chini yake, za kungoja lori lililozama mbele yetu litolewe, kila tukitembea nilikuwa napiga bidoni kama mtu anayefukuza nyuki. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu ya kwanza ya ngoma, na kila nilichojifunza humo kilikuwa kibaya.

Barabara ya Kasenga huingia mjini upande wa mtaa wa Naviundu. Dereva aliegesha karibu na mto ili tuoshe lori kabla ya kwenda sokoni, kisha akalala papo hapo, mdomo wazi. Mimi nikaendelea kupiga. Mikono ilikuwa imesahau namna ya kuacha. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha kutengeneza redio, na humo mkatoka kijana mrefu mwenye miwani, gitaa mgongoni. Wazazi wake walitoka Kasai. Yeye alizaliwa hapo hapo, na alizungumza kama mwanasheria kwa sababu mama yake alikuwa ameamua zamani kwamba atakuwa mwanasheria. Jina lake Bébert.

"Weye wa samaki! Unapigaka batterie?"

"Hapana."

"Na pale uko napiga nini?"

"Bidon."

"Iko kintu kimoja. Tuko na orchestre, batteur njo haiko. Utatupigia en attendant."

"En attendant nini?"

"En attendant tunapata batteur."

Ndivyo nilivyoajiriwa kuwa batteur, mpiga ngoma. Watu wengine hupewa jina na babu zao. Mimi nilipewa na Bébert. En Attendant, yaani wa kungojea, wa kushikilia nafasi mpaka mwenyewe aje. Jina langu la kweli ni Mwape, lakini nendeni mkaulize habari za Mwape pale Naviundu, muone kama hata mbwa atageuka. Samaki walifika sokoni salama, shangazi asilalamike. Mimi ndiye sikurudi. Nilikaa juu ya kiti kile cha ngoma, na tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu: kiwe changu. Kisiwe cha kungojea mtu. Changu.

Ninyi leo mnapokea ngoma zikiwa ndani ya katoni, na karatasi ya kueleza mguu uende wapi. Zetu zilikuwa mapipa yaliyokatwa kwa msumeno. Ngozi ya ngoma ndogo ilikuwa picha za radiografia, zile nyeusi wanazopiga hospitali. Zinalia vizuri ajabu ukizikaza sawasawa. Ukiinua ngoma yangu kwenye jua uliona mbavu za mtu. Kila nilipozidisha nguvu, Bébert aligeuka na kunikemea: "Polepole, petit! Ule iko mugonjwa!" Pedali ilirudishwa na springi ya baiskeli. Vijiti nilichonga mwenyewe kutoka mti wa mpera, na hilo ningewashauri hata leo, kwa sababu mpera hupinda kabla ya kuvunjika na hukupa nafasi ya kumaliza wimbo.

Kuhusu sahani ya ngoma, ile cymbale inayolia, ngoja nicheke kwanza. Tunaishi kwenye mji wa shaba, mji ambao hata vumbi lake lina shaba, basi tukasema: hii ndiyo kazi rahisi. Tukaenda kwa fundi anayefua shaba na kuchora ndege na vichwa vya wazee kwa ajili ya wageni. Akatutengenezea sahani nzuri, nyekundu, inayong'aa kama jua la jioni. Nikaipiga. Ikakohoa. Shaba peke yake hailii, wadogo zangu. Inataka bati ndani yake. Tulikuwa tumeimbiwa tangu utotoni kwamba shaba ndiyo kila kitu, na hapo ndipo tulipojua kwamba hata shaba inahitaji msaidizi. Sahani ile mama yake Bébert akaitwaa, akawa anaanikia karanga.

Na muziki wenyewe? Kaka yake Bébert alirudi kutoka kazi za kusini na sanduku la diski. Humo mlikuwa na watu wanaoimba kama wameachwa na kila mtu, huku gitaa likiwajibu kama mke mwenye hasira. Bluzi, lakini bluzi yenye umeme, yenye kelele za roki ndani yake. Bébert alisikiliza sanduku lile mpaka akaacha sheria. Mama yake alilia wiki nzima, kisha akamshonea shati la jukwaani.

Shida ilikuwa jina. Kwenye mji wetu, ukisema "blues," masikio ya watu husikia "bleu," na bleu kila mtu anaijua: ni ovaroli ya mfanyakazi. Mwaliko wetu wa kwanza ulitoka kwa mzee aliyekuwa anasherehekea kustaafu kazi ya mgodi. Tukafika tumevaa mashati meupe, viatu vimepakwa rangi. Mzee akatuangalia juu mpaka chini.

"Mweye njo orchestre ya bleu?"

"Njo siye, Papa," Bébert akajibu kwa fahari.

"Na bableu yenu iko wapi? Nimelipia bantu ya kuvaa bleu! Nilivaa bleu maisha yangu yote, na leo munanichekelea mu chemise?"

Bébert alifungua mdomo kumweleza historia nzima ya muziki. Papa Zéphyrin, mpiga besi wetu, akamkanyaga mguu. Kwa majirani wa mzee tukaazimwa ovaroli. Yangu ilikuwa na jina la mtu mwingine kifuani na suruali iliyoishia katikati ya goti na kifundo. Tulipiga tukiwa hivyo. Wazee wa mgodi walifurahi mpaka wakatuombea Mungu. Tangu siku ile hatukuvaa kitu kingine jukwaani, na miaka mingi baadaye nilimsikia mtangazaji wa redio akieleza kwamba ovaroli zetu zilikuwa na maana ya ndani sana. Nikanyamaza. Mkipewa maana bure, msiikatae.

Lakini nilitaka kuwaambia habari za Papa Zéphyrin, maana bila yeye hakuna lolote.

Alikuwa mtu mzima kuliko sisi, Mkatoliki kutoka kaskazini ya Katanga, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Alipiga besi katika makundi ya dansi wakati sisi tukinyonya. Mguu wake wa kushoto uliwahi kuvunjika, ukapona vibaya, ukabaki mfupi. Nyuzi za besi yake zilikuwa kamba za breki za baiskeli, na vidole vyake vilikuwa vigumu kama visigino. Alisema machache. Katika mazoezi ya kwanza alisimamisha wimbo akanigeukia.

"En Attendant, unakimbia unaenda wapi?"

"Niko nafuata mupigo, Papa."

"Apana. Mupigo njo iko nakufuata. Inachoka."

Hiyo ndiyo ilikuwa sumu ya bidoni. Nilipiga kumzuia mtu asilale, na bluzi ni muziki wa mtu asiyekimbizwa. Na si kwamba ni wa polepole. Hapo ndipo wengi wenu mnapokosea. Nimewasikia kwenye simu zenu, mnapiga polepole kama mnabeba jeneza. Kuchelewa si kwenda polepole. Kuchelewa ni kujua saa kamili ya kufika, kisha kusimama mlangoni kidogo, na kuingia wakati wote wameshakugeukia. Kisha pigo halikai sawa: moja refu, moja fupi, refu, fupi. Nilielezwa hivyo mara nyingi, na mikono yangu ikaelewa kama vile mbuzi anavyoelewa Kifaransa.

Siku moja tulikuwa tunahamisha vyombo kwa miguu kutoka Naviundu kwenda upande wa Annexe, kule kwenye mashamba ya mihogo na nyumba zinazojengwa kabla ya barabara. Nilikuwa nyuma ya Papa Zéphyrin, ngoma kubwa kichwani. Sikuona kitu isipokuwa miguu yake. Mguu mzima ulitua ukakaa. Mguu mfupi uligusa ukaondoka. Tuuu-ta. Tuuu-ta. Nikasimama nusura niangushe ngoma. Ilikuwa hiyo! Mtu huyu alitembea bluzi kutoka nyumbani mpaka kanisani kila Jumapili, na sisi tulikuwa tunaitafuta kwenye diski.

Kuanzia hapo nikamfuata kila mahali. Akienda dukani, niko nyuma. Akienda misa, niko nyuma, nachechemea kama yeye ili mwili ushike pigo. Msinicheke, kama mnajua njia nyingine, mnitumie. Tatizo ni kwamba mtaa ulikuwa na macho. Watoto walianza kuchechemea nyuma yangu, tukawa msafara. Na asubuhi moja, mbele ya uwanja wa mzee, mkewe Mama Béa alitoka jikoni na mwiko wa bukari, ugali wetu, bado una unga.

"Kijinga ya samaki! Unachekelea muguu ya bwana yangu?"

Mwiko ulinipata begani, ukarudi, ukanipata tena.

"Mama Béa, muache," Papa Zéphyrin akasema bila kugeuka. "Iko ku masomo."

"Masomo ya nini?"

"Ya muguu yangu. Mupige tena moja, lakini chelewa kidogo."

Mama Béa alimtazama mumewe, akanitazama mimi, akakaa juu ya ngazi akacheka mpaka machozi. Nilikula kwao bukari siku hiyo na siku nyingi zilizofuata. Pembeni ya mbabula, jiko lao la makaa, alikuwapo binti yao Solange, wakati huo bado mwanafunzi wa shule, akipiga mfuniko wa sufuria kwa vijiko viwili akingoja maji yachemke. Sikumsikiliza. Nilikuwa na njaa.

Jina la Bachelewa tulipewa kwenye harusi. Mvua ilinyesha njia nzima, ngozi za ngoma zikalegea kama mashavu ya mzee, na ilinibidi nizikaushe juu ya mbabula ya mama mmoja muuza mahindi. (Shikeni hili: moto wa makaa, mbali kidogo, na mzungushe. Ukiharakisha, radiografia inakunjamana, na mgonjwa wako anakufa mara ya pili.) Tulipofika, wageni walikuwa wameshakula na kuanza kuangalia saa. Mwendesha sherehe akashika kipaza sauti kwa kejeli:

"Mabibi na mabwana, mupigie makofi aba njo ba-chelewa!"

Wachelewaji! Watu wakaangua kicheko. Bébert, badala ya kuona haya, akasogea akamnyang'anya kipaza sauti. "Ndiyo, njo siye. Orchestre Bachelewa, ya Naviundu." Tukawa na jina.

Kisha tukaanza kupiga, na kicheko kikaisha. Tulianza na wimbo wa Bébert kuhusu mtu aliyerudi nyumbani akakuta hata mlango umeondoka. Gitaa lililia. Watu wakatazamana. Mwanamke mmoja akatoa leso. Hapo ndipo akainuka shangazi wa bibi harusi, mama mnene mwenye kitenge cha dhahabu, akaanza kuvuka uwanja kutufuata, kidole juu.

"Kilio iko fasi ingine!" alipaza sauti. "Hapa iko ndoa! Nani amekufa? Mutuambie, nani amekufa?"

Nilimwona akija, na siku zote zile za bidoni zikaniambia: kimbia, piga haraka, waamshe! Nikamtazama Papa Zéphyrin. Alikuwa amefumba macho. Mguu wake mfupi ulikuwa unagusa sakafu. Nikaufuata. Sikuongeza hata kidogo. Shangazi akaendelea kuja, na kwenye hatua zake nikaona kitu kinabadilika: mguu mmoja unakaa, mwingine unagusa. Katikati ya uwanja kiuno kilikuwa kimeshakubali, mdomo bado unakataa. Alifika mbele yetu akitutukana huku anacheza. "Bajinga aba! Banatuletea kilio!" na mabega yanazunguka, na nyuma yake wanawake wa ukoo wote wameinuka, kila mmoja akichelewa kwa namna yake.

Baada ya hapo hatukulala nyumbani Jumamosi tena. Watu walirekodi kwa simu, simu zikapelekeana, redio zikasikia. Tulipiga Likasi, tukapiga Kolwezi, tukavuka mpaka wa nchi pale Kasumbalesa hadi upande wa pili ambako walituelewa haraka zaidi kuliko nyumbani. Tulinunua ngoma za kweli, na yule mgonjwa wangu wa radiografia tukamzika kwa heshima nyuma ya kibanda. Mama yake Bébert alianza kuwaambia wateja wake sokoni kwamba mwanawe anatetea kesi za watu kwa gitaa.

Mngedhani nilikuwa na amani. Lakini kadiri kundi lilivyopanda, ndivyo wapiga ngoma wa kweli walivyokuja. Walikuja na vijiti vyao kwenye mifuko ya ngozi, wengine wamesomea hadi Kinshasa. Bébert aliwapokea wote. Alikuwa mtu wa haki, hilo lilikuwa baki la sheria ndani yake. Kila mmoja alikaa kwenye kiti changu, akapiga wimbo mmoja. Mimi nilisimama pembeni nikijifanya nafunga nyaya. Mwisho wa wimbo Bébert aliuliza: "Papa?" Na Papa Zéphyrin alitoa hukumu yake ya neno moja: "Anakimbia." Mtu alishukuru, akaenda. Mimi nikarudi kukaa, kiti bado kina joto la mwenzangu, na hakuna aliyeniambia kama nimeshinda au naendelea kungojea. Niliuliza mara moja, kwa utani. Bébert akajibu kwa utani. Utani ni blanketi fupi. Ukifunika kichwa, miguu inabaki nje.

Na nawaambia kweli, sikuwasaidia kuniamini. Kila kiangazi miguu iliniwasha. Nilipotea majuma mazima: Kasenga, Pweto, mara Kalemie, bila sababu inayoweza kuelezwa kwa mtu mwenye akili. Mtoto wa ziwa akikaa sana sehemu moja huanza kuona kuta zinasogea. Bébert aliahirisha kazi, akaomba radhi kwa watu, akanitukana nikirudi, kisha akawasha amplifaya, kazi ikaendelea.

Kiangazi kimoja hakuahirisha. Nilikuwa nimekwenda Pweto kumsalimu shangazi, ambaye alikuwa amezeeka na bado ananiuliza samaki waliuzwaje. Tulikuwa na onyesho kubwa Jumapili mchana, uwanja wa shule upande wa Annexe, watu kutoka kila komini ya mji. Nilihesabu kufika Ijumaa. Lori likavunjika ekseli Kasomeno, na Jumapili mchana nilikuwa nashuka kutoka kwenye pikipiki ya kukodi, vumbi mpaka kwenye meno, nje ya ukuta wa shule ile.

Muziki ulikuwa umeshaanza. Nikasimama. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kusikia Bachelewa. Msinishangae: mpiga ngoma hukaa nyuma, anasikia migongo ya wenzake na kelele zake mwenyewe. Sasa niliwasikia kutoka mbele, wote pamoja, wakipita juu ya ukuta. Besi ya mzee ilikuwa chini kabisa kama maji chini ya mtumbwi. Na ngoma zilichelewa. Zilisimama mlangoni, zikangoja mpaka roho inakaribia kutoka, ndipo zikaingia. Kwa kitambo nilidhani ni rekodi yangu. Kisha nikasikia mkono wa kushoto ukifanya kitu ambacho sijawahi kukiweza, kugusa pembeni ya ngoma, kidogo tu, kama mtu anayegusa bega la mwenzake akipita.

Nikaingia. Pembeni yangu alisimama mama muuza karanga, ungo umesahaulika mkononi.

"Mama, nani njo anapiga batterie?"

"Mutoto mwanamuke ya ule muzee wa muguu," akasema. "Batteur yabo alipotea. Banasema ni mwizi ya samaki."

"Anapiga namuna gani?"

"Weye hauna masikio? Angalia, hata weye uko nacheza."

Nilikuwa nacheza kweli. Solange alikuwa juu pale ndani ya ovaroli iliyokunjwa mikono, mwanamke mzima sasa, siku za juma akisomea uuguzi. Alikaa kwenye ncha ya kiti, vidole vya miguu vikitafuta pedali. Mimi nilijifunza mguu wa Papa Zéphyrin kwa kumfuata na kupigwa mwiko. Yeye alibebwa mgongoni na mguu ule kabla hajajua kutembea. Vijiko juu ya mfuniko wa sufuria, wadogo zangu! Miaka yote ile nilikuwa nakula bukari mbele ya mpiga ngoma wa Bachelewa.

Walipomaliza nikawakuta nyuma ya jukwaa. Solange akaweka vijiti chini haraka kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Yaya, nilikushikilia tu fasi," akasema, akiniita kaka mkubwa kama siku zote. "En attendant."

Hakuna aliyecheka. Papa Zéphyrin aliangalia viatu vyake. Nikaelewa kwa nini mzee huyu hakusema neno juu ya binti yake miaka yote: hakutaka kumtoa mtu mkate mdomoni, hata mtu mwenyewe akiwa anazurura Pweto.

"Papa," nikamuuliza, "anapiga namuna gani?"

Alichelewa kujibu, kama kawaida yake. "Haikimbie," akasema.

"Na miye?"

"Weye uliacha kukimbia ku ndoa ile, wakati shangazi alikuja na kidole. Siku ile nilimwambia Bébert: aache kutafuta, batteur tulishamupata."

Nikamgeukia Bébert. Alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa chafu.

"Na hukuniambia?"

"Nilifikiri unajua."

"Nitajua namuna gani? Na bale bote banakuja kujaribu?"

"Bale? Bale nilikuwa nakosa namuna ya kubafukuza. Papa njo alikuwa anabafukuza. Mon vieux, unafikiri muntu anangojea miaka yote ile? Jina njo ilibakia, ilikuwa muzuri mu mudomo."

Ndipo nilipocheka. Kiti kilikuwa changu tangu harusi ile, nami nilikuwa nimekikalia kama mgeni, tako moja nje. Na sasa nilipopewa chote, nilikuwa nimeshasikia kutoka nje ya ukuta nani anakistahili. Nawaambia bila kujipamba: iliniuma. Lakini iliuma kama viatu vinavyovuliwa mwisho wa safari.

Tulibishana siku kadhaa. Bébert alipendekeza tupokezane, kwa haki. Mama Béa alinitishia mwiko. Solange alikataa kukaa mpaka niseme mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya wote, kwamba ninakwenda kwa sababu nataka kwenda. Nikasema. Ilikuwa kweli kiasi cha kutosha. Miguu yangu ilikuwa imeniambia hivyo zamani, na sasa hata masikio yalikubali.

Asubuhi ya kuondoka nilipitia mazoezini, mfuko wangu ukiwa mlangoni na lori la Kalemie likinisubiri barabarani. Solange alikuwa anazunguka ngoma bila kukaa.

"Yaya, kiti iko mulefu. Siku ile nilipiga sawa kuku juu ya muti."

Kiti kile kilikuwa na bulon moja chini, bolti ya kukazia, na hakuna aliyewahi kuigusa tangu niikaze. Ilikuwa imekuwa kitu kimoja na chuma. Nikapiga magoti, nikaimwagia mawese ya Mama Béa, nikangoja, nikaijaribu kwa penchi. Ilikataa. Bébert akanishauri kwa Kifaransa kirefu. Papa Zéphyrin akashika miguu ya kiti. Nikavuta kwa uzito wote, ikalia, ikazunguka robo, kisha ikaja. Nikashusha bomba, nikamwambia Solange akae, nikashusha tena, mpaka visigino vyake vikalala chini na goti likakunjika vizuri. Nikakaza. Nilikaza sana.

Kisha nikakaa mwenyewe nijaribu, mazoea tu. Magoti yalinifika kifuani. Nilifanana na mtu mzima aliyeingizwa shule ya chekechea, na walicheka wote, hata mzee.

Solange hakungoja kicheko kiishe. Alikuwa ameshashika vijiti.

"Sasa iko muzuri," akasema. "Simama basi, Yaya, tuanze."

Nikasimama.